Mzigo wa Safari ya Baiskeli

Wasomaji wetu watukufu, mwezi uliopita niliahidi kuwa katika ukurasa huu tutaendelea na mazungumzo ya adabu ya kupokea wageni. Nawaombeni radhi, mazungumzo hayo yatangoja mwezi ujao inshallah, kwa sababu nyumbani kwa dada yangu kumezuka jambo ambalo limenishughulisha majuma mawili kamili, nami naona si jambo la nyumba ile peke yake. Vijana wetu siku hizi wanapenda safari ndefu za baiskeli, na wazazi hawajui wawafungie nini wala wawakataze nini. Aghlabu mama hufunga kila kitu, baba hukataza kila kitu, na kijana huondoka na mzigo usiomfaa.

Habari yenyewe ni hii. Mpwa wangu, kijana wa miaka 22, alinijia madrasa baada ya Alasiri, akaniambia kuwa ataka kwenda Tabora kwa baiskeli. Babu wa baba yake alitoka huko zama za Wajerumani, akaja Tanga kwa miguu kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kama walivyokuja Wanyamwezi wengine wengi. Akaoa huku, akazikwa huku. Jamaa zake waliobaki bado wako, na kijana ataka kuwaona. Nikamwambia, "Basi laondoka alfajiri." Akanijibu kwa adabu, "Naam, mjomba. Walakini yule mzee alikuja kwa miguu, nami nitakuwa nimekaa kitini." Jawabu hilo lilinichekesha, nikashindwa kukataa kama nilivyokusudia.

Njia aliyoichagua ni ya Segera, Chalinze na Morogoro, kisha Dodoma, Manyoni, Itigi, mpaka Tabora. Yapata kilomita 1,000. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa siku, ukitia na siku za kupumzika, ni majuma mawili. Alipanga kuondoka mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha na kusi imeshika, maana upepo huo utampata mgongoni mtu aendaye bara. Baiskeli yake si ya mashindano. Ni Phoenix ya chuma, ya namna ile ile iliyobeba mkaa, maji na ndizi katika nchi yetu miaka mingi. Uzito wake yapata kilo 20, haina gia, na breki zake ni za vyuma. Sikumwambia aibadili. Baiskeli ya namna hii ikiharibika Bahi au Manyoni, fundi aliye chini ya mti anayo spea yake.

Usiku wa kwanza nilipoitwa kwenda kuutazama mzigo, niliukuta umetandazwa ukumbini kama mali ya bibi arusi. Palikuwa na mchele kilo 5, sufuria mbili na vifuniko vyake, jiko la mafuta ya taa na chupa ya mafuta, kanzu mbili zilizopigwa pasi, viatu vya ngozi, ndoo ya plastiki, mkeka wa kusalia, blanketi zito la sufi, kopo la visheti, nazi sita, na kwa ajili ya nazi hizo, mbuzi ya kukunia. Nilipouliza habari ya mbuzi ile, dada yangu alisema kuwa bara nazi ni adimu, na penye nazi adimu mbuzi nayo haipatikani. Na hoja hii mtu akiifikiri haina kosa. Baba wa kijana, shemeji yangu, alikuwa amekaa mlangoni, kimya, mkono wake wa kushoto umepumzika juu ya goti. Mkono huo haunyooki. Nitarejea kwake.

Tukauchukua mzigo wote dukani kwa jirani, tukaupima kwa mzani wake. Kilo 34, na maji bado. Zama za misafara mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili, nazo ni ratili 70 au yapata kilo 32. Na huyo alikuwa mtu aliyeizoea kazi hiyo tangu ujana wake, tena kwa ujira. Kijana wetu alikuwa amefungiwa zaidi ya frasila mbili za mapenzi ya mama.

Yapasa mzazi afahamu kuwa mzigo wa baiskeli si kama mzigo wa basi. Ukiweka sanduku juu ya basi, uzito wake ni shauri la injini. Katika baiskeli kila kitu hupandishwa mlima kwa miguu ya mtu mmoja, na kabla ya kufika Manyoni barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa. Kwenye njia ya tambarare kilo kumi za ziada hazionekani sana. Ukianza kupanda ndipo kila kilo hudai haki yake. Tena uzito haukai juu ya miguu tu. Unakaa juu ya spoku za gurudumu la nyuma, na ndiyo maana waliounda baiskeli za namna ya zamani walitia spoku 40 nyuma na 32 mbele. Walijua kuwa mwenye kupanda na mzigo wake wote huelemea nyuma. Spoku moja ikikatika, zile za jirani yake huvutwa kupita kiasi, na zisipotengenezwa nazo hukatika, na ringi hupinda.

Niliwaambia habari ya Mwingereza mmoja, Thomas Stevens, aliyeondoka San Francisco mwezi wa Aprili mwaka 1884 juu ya baiskeli ya gurudumu moja kubwa mbele na moja dogo nyuma, akaizunguka dunia, akamalizia Yokohama, Japani, mwezi wa Desemba mwaka 1886. Alichukua soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku lilikuwa hema lake na matandiko yake. Bastola sikuisifu. Nililosifu ni lile koti, kwa kuwa ni kitu kimoja kinachofanya kazi tatu. Dada yangu akasema, "Huyo hakuwa na mama." Basi nikaona hoja za vitabuni hazitoshi, na usiku ule tuliagana bila ya kukubaliana.

Kesho yake nilirudi, nikafanya kama tufanyavyo na watoto wa madrasa: badala ya kukataza, niliuliza. Nilitwaa kila kitu mkononi, nikamwuliza kijana mwenyewe mbele ya wazazi wake, "Hiki utakitumia siku ipi, na mahali gani?" Mchele alisema angepika njiani. Nikamwuliza ni wapi kati ya Tanga na Dodoma ambapo mtu mwenye pesa kidogo hukosa sahani ya wali au ugali saa za mchana. Hakupataja. Mchele ukaondoka, na mchele ulipoondoka sufuria zikaondoka, na jiko, na mafuta. Maana vitu hivi hushikana mikono, ukimtoa mmoja wanatoka wote. Ndoo ilitoka bila ya kuulizwa. Kanzu ikabaki moja, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, kwa siku ya kuingia kwa jamaa. Viatu vya ngozi vikatoka, makubadhi yakaingia. Mkeka nao ukatoka: kikoi kisafi hutosha kusalia, hutosha kujifunika, hutosha kujifutia na kujisitiri wakati wa kuoga, na hakina uzito.

Likabaki shauri la nazi. Hapa nakiri dada yangu alikuwa na haki. Kijana hawezi kwenda kwa wazee wa baba yake, ambao hajapata kuwaona, akaingia mikono mitupu. Walakini zawadi si lazima ipande baiskeli pamoja na mwenye kuipeleka. Tuliziweka nazi, visheti, na hata ile mbuzi katika gunia, tukaandika jina na namba ya simu, likapakiwa basi la kwenda Tabora siku ambayo kijana mwenyewe angekaribia kufika. Nauli ya gunia ilikuwa ndogo, na dada yangu akafurahi hata akaongeza nazi nyingine sita.

Sasa nije kwenye namna ya kupakia, kwa sababu kilo 15 zilizopakiwa vibaya ni mbaya kuliko 20 zilizopakiwa vizuri.

Mafundi wa safari hizi huko Ulaya na Marekani siku hizi wameibadili desturi. Kwa muda mrefu walitumia keria na mifuko miwili ya ubavuni. Siku hizi wengi wao, khasa wapitao njia za mawe, wameiacha keria, na badala yake hushona mifuko inayokaa ndani ya pembetatu ya fremu, mwingine nyuma ya kiti, na mwingine mwepesi kwenye usukani. Yako mashindano, Tour Divide, yaliyoanza mwaka 2008, kutoka Banff nchini Kanada mpaka Antelope Wells, mpakani mwa Marekani na Meksiko, yapata kilomita 4,400 za milima; na washindani hupanda na mizigo yao wenyewe kwa namna hiyo. Sababu yao ni nyepesi kufahamu. Keria hutikisika, na nati zake hulegea. Mfuko uliobanwa na fremu hautikisiki. Tena pembetatu ya fremu iko katikati ya magurudumu mawili na chini ya mpanda baiskeli, nayo ndiyo mahali bora pa kitu kizito. Uzito ukikaa juu na nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi mno, na usukani huyumba mtu anapopanda mlima au anapotaka kusimama.

Mfuko wa namna hiyo hatukuununua. Tulilaza gazeti ndani ya fremu, tukalikata kwa kipimo cha pembetatu, tukampelekea fundi cherehani pamoja na kipande cha turubai la lori. Mara ya kwanza aliushona mpana kama mto, na kijana alipopanda magoti yake yakawa yanaugonga kila mzunguko. Akaufumua, akaupunguza mpaka upana wa ngumi moja. Zikatiwa kamba za kufungia juu, mbele na nyuma, na zipu upande wa kulia. Hapo kikaa kila kitu cha chuma: spana, bisibisi, pampu fupi, nati za akiba, vipande vya mnyororo, kichupa cha mafuta ya cherehani, mipira minne ya breki. Spoku nne za akiba tulizifunga kwa utepe juu ya bomba la fremu, kwa kuwa spoku haikunjwi, na iliyopinda haifai. Mipira ya ndani ya tairi ni miwili mipya, imepakwa unga wa talki na kuviringishwa ndani ya soksi, ili isijikwaruze kwenye spana. Nimepata kuona mpira mpya ukitolewa mfukoni una tundu kabla haujaingia tairini. Gundi na viraka navyo, na kipande cha msasa. Gundi iliyokwisha kufunguliwa hukauka, basi yataka iwe mpya.

Keria hatukuiondoa. Kwa Phoenix keria ni chuma kinene, na barabara nyingi ya safari hii ni lami. Tuliifanya ichukue vitu vyepesi juu, yaani nguo, chandarua na blanketi, na madumu ya maji chini, moja kila ubavu, uzito sawasawa. Kila nati ya keria tuliiongezea nati ya pili juu yake, ziumane.

Kufunga tulifunga kwa ukanda wa mpira wa ndani ya tairi kuukuu, uliochanwa kwa urefu. Huu ndio mkanda wetu wa Afrika Mashariki, na sijaona cha dukani kinachoushinda. Kamba ya katani mzigo ukishuka hulegea, wala haijifuati. Mpira huufuata mzigo unavyopungua na kuubana. Tena ncha ya kila mkanda sharti irudishwe ndani na kuchomekwa. Pasiwe na kitu kinachoning'inia, si kamba, si ncha ya kikoi, si mkono wa mfuko. Na mbele, juu ya usukani, tuliweka mfuko mdogo usiozidi kilo moja, wenye tende, karanga, simu na pesa za siku ile, umefungwa mahali patatu.

Hapo kwenye usukani ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko penginepo. Nilifunga nikafungua, nikafunga tena, mpaka kijana akachoka. Dada yangu alipita na chai, akasema, "Kaka, mwachie baba yake afunge. Yeye ndiye ajuaye mzigo ukifungwa vibaya hufanya nini."

Wasomaji wangu, mwaka 1989 mimi na rafiki yangu mmoja tulitoka Tanga kwa baiskeli mbili kwenda Handeni kumzuru mwalimu wetu. Vijana hatukuwa na keria nzuri, na zawadi za mwalimu tulizitia katika vikapu. Kikapu cha mwenzangu kilifungwa juu ya usukani kwa kamba ya katani, na ncha ya kamba ikaachwa ndefu kwa sababu hapakuwa na kisu. Katika mteremko mmoja wa njia ya Handeni ncha ile ilishuka, ikaingia katika spoku, ikajiviringa kwenye habu ya mbele. Gurudumu likasimama ghafula, na mtu hakusimama. Alianguka mbele ya macho yangu juu ya kiwiko cha kushoto. Tulipata gari baada ya saa nyingi, na mfupa ulipofungwa ulikuwa umekwisha kukaa vibaya. Rafiki huyo ndiye aliyemwoa dada yangu. Watu wote walipomwuliza habari ya mkono wake aliwajibu kuwa kikapu alikifunga mwenyewe, kwa haraka. Nami nilisikia jawabu hilo miaka na miaka, nikanyamaza. Kikapu nilikifunga mimi.

Nilimwambia dada yangu pale pale, mkanda wa mpira mkononi, mbele ya mumewe na mwanawe. Shemeji yangu akatazama chini. Dada yangu akaweka sinia, akasema, "Najua. Aliniambia mwaka tuliooana." Kisha akasema, "Kwani ulidhani nimekuita wewe uje ufunge kwa sababu gani?"

Sikuwa na neno. Nikakunja ncha ya mkanda, nikaichomeka, nikamwambia kijana autikise usukani kwa nguvu zake zote.

Tuendelee. Maji ndiyo mzigo wa lazima, na ndiyo mzigo mzito kuliko yote, kwa kuwa lita moja ni kilo moja wala hakuna hila ya kuipunguza. Mtu apandaye baiskeli juani huhitaji nusu lita mpaka lita nzima kwa saa. Kutoka Tanga mpaka Dodoma vijiji viko karibu karibu, na lita tatu hutosha, akijaza kila apatapo. Baada ya Itigi mambo hubadilika. Kutoka hapo mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 200, mahali pengi ni pori, na vijiji viko mbalimbali. Wazee wa misafara waliliita pori la upande ule Mgunda Mkali, nao walikuwa na mwendo wao wa kulivuka, terekeza: watu walikunywa na kujaza vibuyu, wakaondoka mchana, wakaenda mpaka usiku, wakalala pasipo na maji, na asubuhi yake wakayafikia. Basi tulipatana kuwa madumu mawili ya lita tano yatasafiri matupu, hayana uzito, mpaka Itigi. Huko yatajazwa lita nane jumla, na kila kijiji atakachokikuta atayajaza tena kama kwamba hakuna kingine mbele. Vidonge vya kusafishia maji anavyo. Na kwa kuwa aliniuliza habari ya udhu, nilimjibu kuwa akiwa na maji yanayomtosha kunywa tu, na hana yakini ya kupata mengine, atayamamu, wala asione kuwa amepunguza kitu. Ruhusa hiyo imewekwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Dawa zilikuwa chache: vitambaa vya vidonda, dawa ya homa, na pakiti za kuchanganya na maji kwa mwenye kuharisha. Wazazi wajue kuwa pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi hufanya kazi hiyo. Chandarua hakikujadiliwa. Simu ina betri yake ya akiba, na karatasi yenye namba zetu imetiwa katika nailoni ndani ya mfuko wa shati, kwa kuwa simu iliyozimika haina namba ya mtu yeyote.

Limebaki blanketi, na katika jambo hili lililobaki sina budi kujishuhudia vibaya. Mimi niliyekuwa nikitoa vitu nilizidi kuona utamu wa kutoa. Mzani ulipoonyesha kilo 16 nilitaka uonyeshe 14, na blanketi la sufi lilikuwa na kilo 2 kamili. Nikalitoa, nikasema kikoi na sweta vinatosha, Juni ni Juni. Dada yangu alilirudisha. Nikalitoa tena. Shemeji yangu, ambaye usiku wote huo hakusema neno, akasema, "Shemeji, wewe umelala Tanga. Nyanda za Dodoma na Singida usiku wa Juni na Julai mtu hutoa mvuke kinywani." Ni kweli. Sisi watu wa pwani hatuna akili ya baridi. Tukifungua dirisha twadhani dunia nzima imefungua dirisha lile lile. Mtu aliyetokwa jasho mchana kutwa, nguo zake zina unyevu, akalala katika baridi ya nchi ya juu bila ya kujifunika vema, asubuhi hana nguvu ya kupanda baiskeli. Tulikata shauri la kati: blanketi zito likabaki nyumbani, na likanunuliwa sokoni moja jepesi la nyuzi za plastiki, lisilofika kilo moja, ambalo likilowa hukauka upesi.

Kabla ya safari yenyewe nilimtaka apakie kila kitu kama atakavyoondoka, maji yakiwamo, aende mpaka Muheza na kurudi, kilomita 70 na kidogo. Vijana huona jambo hili ni upuuzi, kwa sababu Muheza wanaijua. Hatukumpeleka aijue Muheza. Alirudi na habari tatu: tairi la nyuma lilikuwa laini kwa uzito ule, likataka upepo zaidi, dumu la kushoto lilikuwa likigusa kisigino chake, likasogezwa nyuma kwa vidole vinne, na nati mbili za keria, pamoja na zile tulizoziongeza, zilikuwa zimeanza kulegea. Haya yote yangempata Chalinze, na huko asingekuwa na mjomba.

Mzani wa mwisho ulisoma chini ya kilo 16, bila ya maji. Aliondoka siku ya Jumatatu baada ya sala ya Alfajiri. Mama yake alimpa mkononi visheti vichache ndani ya karatasi, nami sikuvipima.

Jana usiku alitupigia simu kutoka Itigi. Tairi limetoboka mara mbili tu, mara ya pili karibu na Gairo, na spoku moja ilikatika Bahi ikatiwa ya akiba. Madumu ameyajaza. Nilimwuliza habari ya mkanda wa usukani. Akasema haujalegea, na kila asubuhi huutikisa. Kisha mama yake akaitwaa simu, akamwuliza usiku wa Manyoni alilalaje. Akasema alijifunika blanketi, na juu yake kikoi, na juu yake kanzu. Dada yangu akanitazama. Nikamwuliza kijana saa ngapi ataondoka kesho, akasema saa kumi na moja, kabla ya jua.